Vipandio Tisa Vilivyobaki

Jumatatu, 29 Aprili

Nimempoteza mume wangu, Laban Andati, Jumatano tarehe 24 Aprili, kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye daraja la miguu nyuma ya mtaa wa Tassia, mto ulipofurika. Naandika hivi kwa sababu kila anayekuja kunipa pole ana saa yake na daraja lake, na mimi sipendi hesabu za kukisia. Miili tisa imepatikana. Nimefunuliwa shuka mara tisa. Hayumo.

Aliyemwona mwisho ni Mativo, bawabu wa ghala la ng'ambo. Anasema Laban alikuwa ameshika kamba akivusha watu. Alivusha kumi na mmoja, akageuka. "Nikapangusa mvua machoni," Mativo akaniambia, "kuangalia tena, hakuna daraja."

Naandika nyuma ya kitabu cha oda za sweta. Oda zenyewe hazipo. Shule hazijafunguliwa, na mashine zangu saba za kufuma zimelala ndani ya tope dukani, ng'ambo hiyo hiyo ya mto. Nilianza na moja ya kusukuma kwa mkono, chini ya ngazi za watu, nikachekwa. Sikuomba mtu. Sasa naomba, na ninayemwomba amenyamaza.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua.

Jumatano, 1 Mei

Mama mkwe amefika kutoka kijijini Butere, kaletwa na Seth, mdogo wake Laban. Miguu imemvimba. Amepanda ngazi zote bila kupumzika, akaingia, akavua lesso, akatandika kiti cha Laban, akakaa pale pale. Hakulia. Aliniuliza koti lake liko wapi.

Nikamwonyesha: koti la kijivu la harusi, kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakwenda nalo kazini siku ile kwa sababu ya mvua. Akalitazama kama mtu anayepima nguo.

Alhamisi, 2 Mei

Kuna jambo limetokea ambalo haliingii kwenye hesabu.

Tuna kisanduku cha ahadi, cha plastiki, umbo la mkate. Laban alikinunua kanisani. Kina kadi mia moja na hamsini, kila moja na andiko moja la Biblia kwa maneno mepesi. Desturi ya nyumba hii ni kwamba anayetoka wa kwanza asubuhi huchomoa kadi ya mbele, huisoma kwa sauti, huirudisha nyuma kabisa. Anayefuata naye vivyo hivyo. Hakuna kuchagua. "Ukichagua ahadi," Laban husema, "unajihubiria mwenyewe."

Jumatano ile alichomoa ya Isaya arobaini na tatu: Utakapopita kwenye maji, nitakuwa pamoja nawe, mito haitakuzamisha. Akairudisha nyuma. Mimi na binti yetu Triza tukachomoa zetu. Tangu hapo tumesoma mbili kila siku, tumekazana tu, kama watu wanaopiga mswaki msibani. Piga hesabu mwenyewe: kadi ile haiwezi kufika mbele kabla ya wiki ya kwanza ya Julai.

Leo niliichomoa mimi. Ilikuwa mbele. Kwenye kona ina alama ya kidole gumba cha Laban, ya oili ya mashine, maana yeye ni fundi wa mashine kiwandani na oili haimtoki hata Jumapili.

Sikuisoma kwa sauti. Niliirudisha nyuma.

Ijumaa, 3 Mei

Iko mbele.

Jumamosi, 4 Mei

Iko mbele. Nimemuuliza Triza kama anaichezea. Ana miaka kumi na miwili, hajui kudanganya, akijaribu anakunja pua. Hakukunja. Alisema, "Mama, mimi nilifikiri ni wewe."

Jumatatu, 6 Mei

Toka langoni mpaka mlango wetu ni vipandio sabini na tatu. Laban ana kifua, vumbi la nyuzi la kiwandani limemkaa. Kila jioni hupanda sitini na vinne, anasimama pale ngazi zinapokunja kona, kwenye kidirisha, anakohoa mara mbili, ndipo anamaliza tisa vilivyobaki. Miaka kumi na minne. Nilikuwa nikisikia kikohozi cha pili naweka maji ya ugali motoni.

Leo saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni nilikuwa nakunja nguo. Gambuti, buti za mpira kama zake, zikaanza kupanda. Zina maji ndani, zile za kufyonza na kuachia. Sikujua kama nahesabu mpaka zilipofika sitini na nne. Zikasimama. Kikohozi. Kikohozi. Nikainuka.

Hazikuendelea.

Nilifungua mlango. Taa ya ngazini ilikuwa inawaka. Kipandio cha sitini na nne kilikuwa na maji, lakini mvua inanyesha wiki ya tatu na kila kitu kina maji.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa ameuzima moto wa chai. "Umemsikia?" akasema. "Anachoka hapo."

Jumanne, 7 Mei

Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Sitini na vinne.

Jumatano, 8 Mei

Sitini na vinne.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeshuka kwa Mbeti, anayekaa chini yetu. Tuliwahi kukosana juu ya kamba ya nguo, na kusema kweli nilikuwa nimekwishaamua kwamba ni yeye anayetuchezea. Watu hufurahia jirani aliyejenga jina akivunjika.

"Mama Triza," akasema kabla sijafungua mdomo, "ingia. Umekuja kuniuliza nani anapita hapa jioni."

"Ni nani?"

"Ningekuwa najua ningekuwa na amani. Jana nilifungua mlango akiwa anapita. Hatua ziko hapa, mbele ya pua yangu, mtu hayuko. Nikafunga nikaimba nyimbo zote za kitabu, mpaka zile za mazishi, nikakumbuka, nikarudi kwa za Krismasi."

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu siku ile. Yeye naye akacheka, halafu akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi kama kisu. Nimemkosea mwanamke huyu mwaka mzima kwa ajili ya kamba.

Jumapili, 12 Mei

Pasta Mbaluka amehubiri kwamba ahadi zote za Mungu ni ndiyo na amina. Kanisa likasema amina. Wakati wa salamu nikamfuata mlangoni.

"Pasta, andiko linasema mito haitakuzamisha. Halisemi labda. Mume wangu yuko hai au hayuko?"

"Dada Everline, ahadi nyingine kama hizi tuzichukue kiroho pia."

"Yale maji yalikuwa ya kiroho?"

Wazee wa kanisa wakaangalia viatu. Pasta aliniahidi maombi. Nikamwambia maombi ninayo, ninachokosa ni majibu. Mimi nikiahidi shule sweta mia tatu na nikapeleka mia mbili tisini na tisa, hawaniambii ile moja ni ya kiroho.

Jumatano, 15 Mei

Kadi iko mbele. Sitini na vinne.

Triza sasa anahesabu pamoja nami, bila sauti, midomo tu.

Jumamosi, 18 Mei

Seth amekuja na neno la ukoo. Aliketi ukingoni mwa kochi, kofia mkononi.

"Shemeji, nisikie mpaka mwisho ndio unitukane. Siku arobaini zikiisha bila mwili, tunazika mgomba. Tunaukata shambani kwa baba, urefu wake Laban, tunauvisha koti lake, tunauzika kwenye kaburi lake. Hiyo ndiyo desturi. Babu yetu aliyepotelea Uganda alizikwa hivyo."

"Na Laban akitokea langoni Jumanne?"

"Basi tutachinja kuku tucheke."

"Kateni mgomba wenu. Koti la nini?"

Hakujibu yeye. Alijibu mama mkwe, kutoka kitini mwa Laban. "Mgomba bila nguo yake ni mgomba. Na nguo huitoa mke kwa mkono wake. Usipoitoa, hatuziki."

Sasa nimeelewa kwa nini alilitazama koti siku ya kwanza. Kwa hiyo mimi ndiye komeo. Nikitoa koti, nimetia sahihi kwamba mto ulimzamisha, na kwamba aliyeandika ile kadi ni mwongo. Nikikataa, ni mimi ninayemzuia mtoto wao kuzikwa.

Nimesema siwezi. Seth akasema, "Shemeji, wewe hata Mungu unataka akuandikie risiti." Akaondoka na mvua.

Mama mkwe hakukasirika. Alisema tu, "Yule hana pa kulala. Ndiyo maana anapanda. Unataka apande mpaka lini?"

Nikamwambia kwangu ni kinyume. Anapanda, kwa hiyo yuko. Hatua ni zile zile, sikio ni lile lile, mimi na yeye tumesimama ngazi moja na kila mtu anaona mlango wake.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua imepunguka. Nimevuka kwa daraja la mbao walilopiga wanajeshi, nimefika dukani. Maji yaliacha mstari ukutani, juu ya kichwa changu kwa shubiri moja. Mashine zote saba zilikuwa juu ya meza za kukatia, zimefungwa kwa mkanda, kitako cha kila moja kimeinuliwa kwa matofali.

Sikuwa najua. Alifika. Alifika dukani, akaziinua saba, akafunga, ndipo akarudi mtoni akakuta watu wanalia.

Maji yalizifunika hivyo hivyo. Lakini aliinua.

Nilikaa kwenye tope. Siandiki zaidi leo.

Jumanne, 21 Mei

Sitini na vinne.

Jumapili, 26 Mei

Nimemkamata.

Niliamka kabla ya alfajiri kuiva ili nione kadi inavyotembea. Mama mkwe alikuwa amesimama mezani, amewasha tochi ya simu, anapitisha kadi moja moja kwa kidole, bila kusoma, maana hajui kusoma. Anaangalia kona tu. Alipoiona ile yenye oili, aliitoa, akaweka kidole gumba chake juu ya kidole gumba cha mwanawe. Akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akaiweka mbele ya zote, ili kesho asitafute.

Karibu wiki nne nimekuwa namsomea Mungu ishara kwenye kitu alichokipanga mama mwenye miguu iliyovimba.

Nilitaka kukasirika. Nilijaribu kabisa. Nikamwuliza, "Mama, unajua kadi hiyo inasema nini?"

"Inasema nini?"

Nikamsomea. Utakapopita kwenye maji, nitakuwa pamoja nawe, mito haitakuzamisha.

Akauliza, "Aliisoma lini?"

"Asubuhi ile ile."

"Akaenda akijua hivyo?" Macho yake yalikuwa yanataka jibu fulani, na mimi ndiye ninayelijua, na sikulisema. Nilisema chai inachemka.

Jumatatu, 27 Mei

Nalisema hapa kwanza.

Asubuhi ile Laban hakutaka kutoka. Alikuwa dirishani na kikombe, akasema, "Mama Triza, huu mto si wa kuchezea, ngoja kupambazuke." Mimi nilikuwa nafikiria mashine zangu. Saba, miaka tisa ya mgongo wangu. Nikamwambia, "Si umesoma mwenyewe sasa hivi? Mito haitakuzamisha. Au unasoma tu kutufurahisha? Nenda uinue mashine zangu."

Alicheka. Akaweka kikombe chini. Akavaa gambuti.

Ndugu zangu wa kanisa wote tunafanya hivi. Tunachomoa kadi, ikisema safari tunapanda basi, ikisema ngoja tunakaa. Hatujawahi kuuliza kama ahadi ni ruhusa. Mimi nilimtuma mume wangu mtoni kwa mstari mmoja wa karatasi, na tangu hapo ninamdai Mungu kana kwamba Yeye ndiye aliyesema nenda.

Jumanne, 28 Mei

Nimemwambia mama mkwe. Nilipiga magoti sakafuni.

Alisikiliza. Akaniambia, "Baba yake nilimwambia aende Kampala. Hakukuwa na kadi. Alirudi. Mke husema nenda kila siku, mwanangu. Siku moja tu ndiyo inahesabiwa." Akaniwekea mkono kichwani, mzito, unanuka kitunguu, na hakuutoa mpaka saa kumi na mbili na dakika arobaini, tuliposikia gambuti langoni.

Tukahesabu wote watatu, na Triza. Sitini na vinne. Kikohozi. Kikohozi.

"Mwanangu," mama akamwambia mlango, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe jioni, "maliza basi."

Hakumaliza.

Jumapili, 2 Juni

Pasta Mbaluka amekuja nyumbani, peke yake, bila wazee. Nilimweleza yote: kadi, mama, nenda, ngazi. Nilidhani atakemea pepo. Alikaa akizungusha kikombe.

"Miaka ishirini na miwili nahubiri ahadi," akasema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza tarehe. Dada Everline, mimi sijui kama Laban yuko hai. Na kuhusu hatua, sijui vilevile. Nikikuambia najua, nitakuwa mwongo wa pili katika hesabu yako."

"Na wa kwanza nani?"

"Huyo umtaje wewe mwenyewe. Lakini usome kadi yote. Nimekusikia wiki tatu unasoma nusu ya pili tu."

Alishuka. Nilimsikia akisimama kidogo kwenye kidirisha, kisha akaenda mbio kidogo kuliko heshima ya kola yake ilivyoruhusu.

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya arobaini. Nuhu alipata mvua siku hizo hizo, lakini yeye alikuwa amejenga.

Mama mkwe amerudi Butere kuandaa. Mgomba umekwisha kuchaguliwa. Hakunilazimisha. Alinipa ile kadi mkononi. "Ukitoa koti, itie mfukoni. Usipotoa, irudishe kwenye mkate wenu. Seth atapita Jumamosi saa mbili asubuhi." Mlangoni akageuka. "Mimi namzika ili alale, si kwamba Mungu amenidanganya. Usichanganye hayo mawili."

Nilikuwa nimeyachanganya.

Jumanne, 4 Juni

Shule moja imepiga simu. Sweta mia na ishirini. Nimesema nitawajulisha Jumatatu.

Jumatano, 5 Juni

Sitini na vinne. Mvua imekata kabisa, ngazi zimekauka tangu Jumapili. Nilitoka kuangalia. Kipandio cha sitini na nne kina maji.

Ijumaa, 7 Juni

Jioni ya leo nimempeleka Triza kwa Mbeti nikapanda kukaa kwenye kidirisha mwenyewe, kwenye kipandio cha sitini na tano, mgongo ukutani. Koti nilikuwa nimelivaa. Sijui kwa nini. Linanuka yeye na nondo.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini, langoni, gambuti.

Nimefuma sweta maisha yangu yote. Nikikosea jicho moja la uzi katika mia nne najua bila kuangalia, kidole kinajua. Ilipofika kumi nilijua nimekosea. Nikaanza tena kichwani. Hatua moja ya gambuti, na ndani yake, karibu sana, nyingine isiyo na maji. Gambuti, na nyingine. Zinatua pamoja kama watu wawili waliobeba kitu, au mmoja aliyemshika mwenzake kiwiko. Karibu wiki tano nimesikiliza nikiwa nyuma ya mlango. Nyuma ya mlango zinasikika kama moja.

Zilipita mlango wa Mbeti. Zilikuja. Taa ilikuwa inawaka na niliona kila kipandio mpaka chini, vitupu, na nilihesabu mia moja ishirini na nane. Sitini na vinne mara mbili.

Zilisimama mbele yangu. Hewa ikawa na harufu ya mto, ile ya matope na majani, na chini yake harufu nyingine ambayo sina jina lake, safi, kama nyumba iliyopigwa deki mtu akasubiriwa. Kikohozi. Kikohozi. Yule mwingine hakukohoa. Alisubiri tu, kama anayesubiri mgonjwa apate pumzi.

Nikasema, "Laban."

Sikuogopa, na hilo ndilo linalonitisha sasa ninapoandika.

Chini, mlango wa Mbeti ukafunguka. "Mama Triza! Hao wanaume wawili wamekupata?"

"Wawili?"

"Leo nimeweka sikio mlangoni kabisa. Wawili. Mmoja anakohoa."

Nilipotazama tena, kipandio cha sitini na nne kilikuwa kimelowa nusu. Nusu nyingine, upande wa ukuta, ilikuwa kavu kabisa, na vumbi lake limekanyagwa.

Jumamosi, 8 Juni, saa moja na dakika kumi asubuhi

Nimechomoa kadi zetu mbili, mimi na Triza, tukasoma. Yangu ya Zaburi, yake ya Mathayo, za kawaida. Kisanduku sasa kina mia moja arobaini na tisa. Ile moja iko mkononi mwangu.

Nimeisoma yote, kama nilivyoambiwa. Nusu ya kwanza haisemi kitu juu ya kuzama. Inasema nitakuwa pamoja nawe.

Sasa nisikilize, Bwana, maana nina dakika hamsini. Nilikosa. Nilitumia neno lako kama fimbo ya kumswaga mtu. Hilo ni langu, nimeliandika tarehe 27, silifuti. Sikuulizi tena kama yuko hai. Sikuulizi kwa nini daraja halikungoja mtu mmoja zaidi. Koti liko kwenye msumari, nimelipiga pasi, mfuko wa kushoto umefunguliwa.

Nakuuliza moja tu. Mativo alimwona mmoja kwenye kamba. Mimi jana nimehesabu wawili, na mimi sikosei hesabu. Yule wa pili asiyelowa, aliyemshika, anayesubiri kikohozi kiishe, ni Wewe? Ulikuwa naye tangu pale mtoni, kabla ya kipandio cha kwanza, au umemkuta njiani?

Usinijibu kwa kadi. Usinitumie pasta. Ngazi unazijua, zimebaki tisa, mzimalize. Seth atagonga saa mbili kamili, na mlango huu nitaufungua mara moja tu, koti mkononi kama ni Wewe, au mikono mitupu kama siye. Nijibu kabla yake. Ndiyo au siyo.